Kupanga ubao wa foili: namna ya kusawazisha uzito wa miguu na kuupa ubao utulivu

Alasiri za kusi pale Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, hutakosa kuwaona watu wawili watatu wamekaa chini ya mnazi wakijikanda mapaja. Wametoka majini na mbao za foili, yaani mbao zenye mlingoti na mabawa chini yake yanayouinua ubao juu ya maji, na kila mmoja analalamika kwamba mguu wake wa mbele umekwisha nguvu. Wengi wao huulaumu upepo, kisha huilaumu miguu yao, na ubao huwa wa mwisho kushukiwa, ingawa mara nyingi tatizo lote ni mlingoti uliofungwa sentimita mbili nje ya mahali pake.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anaweza kupaa juu ya foili, hata ikiwa ni kwa mita hamsini tu, awe anavutwa na kaiti, yaani tiara kubwa, au ameshika bawa la mkononi. Nitafuata utaratibu unaoanza na jambo lisilogharimu kitu, yaani mahali pa kuweka miguu, kisha mlingoti, na mwisho kabisa bawa la nyuma. Anayeanza na bawa la nyuma, kama wafanyavyo wengi waliosikia mambo haya nusunusu, hujikuta jioni amebadilisha vitu vitatu na hajui kipi kimemfaa na kipi kimemharibia.

Majina ya sehemu na kazi zake

Maneno ya mabaharia wetu yanatutosha kwa sehemu kubwa. Mbele ya ubao ni omo na nyuma ni tezi. Chini ya ubao kuna reli mbili zilizolala sambamba, ambazo katika mbao nyingi zimeachana kwa sentimita 9, na juu ya reli hizo hukaa kitako cha mlingoti kinachofungwa kwa skrubu nne, aghalabu za milimita 8. Mlingoti wa foili hushuka majini badala ya kupanda juu, na urefu wake kwa kawaida ni kati ya sentimita 60 na 90. Mwisho wake kuna kiwiliwili, yaani kipande chembamba cha alumini au kaboni kilichobeba bawa kubwa mbele na bawa dogo nyuma. Kipande chembamba kinachowekwa baina ya bawa la nyuma na kiwiliwili ili kubadilisha mwinamo wa bawa hilo nitakiita kabari, kwa kuwa hakina tofauti na kabari ya seremala.

Bawa la mbele ndilo linalonyanyua. Bawa la nyuma, kinyume cha wengi wanavyodhani, katika foili nyingi halisaidii kunyanyua hata kidogo: ukingo wake wa mbele umeinamishwa kidogo ili maji yalisukume kuelekea chini, na kwa kusukumwa chini huko linaishusha tezi na kuiinua omo. Uzito wako unasimama mbele ya bawa hilo dogo na kujibizana nalo. Yeyote aliyewahi kuona jahazi likipakiwa anaujua mchezo huu, kwa sababu farumi, yaani mzigo wa kukituliza chombo, ikirundikwa tezini chombo huinua kichwa, na ikisogezwa omoni chombo huzika pua katika kila wimbi. Tofauti ni kwamba farumi ya foili ni wewe mwenyewe, nawe huwezi kukaa mahali pamoja.

Kuna jambo moja la kimaumbile ambalo lazima lieleweke kabla ya kushika spana. Nguvu ya kunyanyua hukua kwa mraba wa mwendo, maana yake ni kwamba ukiongeza mwendo mara mbili na bawa likabaki katika mwinamo uleule, nguvu inakuwa mara nne. Kwa hiyo kadiri unavyokwenda kasi, ndivyo unavyolazimika kuegemea mguu wa mbele ili bawa lipunguze mwinamo wake na ubao usichomoke majini. Kuongezeka huko kwa uzito wa mbele ni tabia ya foili, na hakuna mpangilio utakaoiondoa kabisa. Unachokitafuta ni kwamba, katika mwendo wako wa kawaida, miguu yote miwili ifanye kazi karibu sawa, wa mbele ukizidi kidogo, na kwamba mwendo ukiongezeka uzito huo ukue taratibu badala ya kukushtukiza.

Ukaguzi wa nchi kavu

Kosa lililonifunza zaidi lilinipata Jambiani, nilipoazima foili ambayo sikuifunga kwa mikono yangu. Kwa alasiri mbili nzima nilisogeza mlingoti mbele na nyuma huku ubao ukipiga mbizi na kuchomoka kama pomboo, na nikawa nimeshafikia uamuzi kwamba bawa lile si la mtu wa uzito wangu. Siku ya tatu niliupindua ubao juu ya jamvi nikaukagua kwa utulivu, nikaona kwamba bawa la nyuma lilikuwa limefungwa juu chini: alama ya kiwanda, ambayo hapo ilipaswa kutazama mchanga, ilikuwa inatazama mbingu. Dakika tano za skrubu mbili zikamaliza kazi ya siku mbili. Tangu hapo sigusi mpangilio wa ubao wowote kabla ya kuukagua, hata uwe wangu.

Tandika jamvi au turubai, kwa sababu mchanga ukiingia ndani ya reli utakula nyuzi za skrubu. Laza ubao uso chini, foili ikiwa juu, na umwombe mtu auzuie ikiwa upepo ni mkali, kwani upepo wa Paje unaweza kuubingirisha ubao wenye foili na kuivunja ncha ya bawa kabla hujaingia majini. Shika ncha mbili za bawa la mbele kisha utikise, kama unavyotikisa meza ili kujua kama mguu wake umelegea. Wakati huohuo mwenzako aweke kidole gumba kwenye ungio la mlingoti na kiwiliwili, kisha kwenye ungio la mlingoti na ubao. Mchezo ambao jicho haliuoni, kidole huusikia kama mgongano mdogo, na mgongano huo, ukishakuwa juu ya maji, huhisiwa miguuni kama ubao usio na msimamo. Malalamiko mengi ya utulivu huishia hapa, kwenye skrubu iliyolegea robo ya mzunguko.

Baada ya hapo pima unyoofu. Bana ncha ya uzi usionyumbuka kwenye mstari wa kati wa ubao huko tezini, uvute hadi ncha ya kulia ya bawa la mbele, uweke fundo, kisha uhamishie upande wa kushoto. Fundo likipita au likipungua kwa zaidi ya milimita tatu au nne, mlingoti haukukaa sawa kwenye reli na ubao utakuwa unavuta upande mmoja, nawe utaulipia mvuto huo kwa kisigino kimoja siku nzima. Simama halafu nyuma ya tezi, fumba jicho moja, utazame mabawa mawili kama seremala anavyotazama unyoofu wa mbao: mstari wa bawa dogo na wa bawa kubwa iwe sambamba. Iwapo haiwi sambamba, ama kuna chembe za mchanga katikati ya maungio, ama kiwiliwili kimepinda.

Mahali na wakati wa kujaribu

Marekebisho yanahitaji maji yasiyobadilika sana na upepo usiobadilika sana, na pwani ya mashariki ya Unguja hutoa vyote viwili ukizijua saa zake. Ndani ya mwamba maji ni tulivu, lakini tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua kubwa, yaani siku za maji makubwa, hukaribia mita 4, na maji yakishapwa pale Paje mtu hutembea kwa miguu mahali ambapo saa chache kabla foili ilikuwa inapita. Ukiwa na mlingoti wa sentimita 75 usijaribu chochote katika maji yaliyo chini ya kiuno cha mtu mzima, na ni afadhali yafike kifuani.

Bahati yetu ni kwamba siku za bamvua maji kwa kawaida hujaa mnamo saa 10 alasiri, wakati ambao kusi nayo imeshashika, hivyo unapata saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kujaa. Siku za maji mafu maji hujaa mnamo saa 4 asubuhi, lakini hayapwi sana, na sehemu zenye kina cha kutosha hubaki hivyo muda mrefu zaidi. Mimi hupendelea siku za katikati, bamvua ikiwa inaelekea kwisha, kwa sababu mkondo unaotoka kwenye mlango wa mwamba haujawa mkali. Upepo wa kilomita 20 hadi 30 kwa saa, wa kusi kati ya Juni na Septemba au wa kaskazi kati ya Desemba na Machi, unatosha. Ukizidi hapo utakuwa unajaribu ujasiri wako badala ya ubao.

Kaa mbali na vigingi na kamba za mwani. Kinamama waliopanda mwani hawakukuuzia bahari, na bawa la foili likipita kwenye kamba moja linakata kazi ya wiki kadhaa, mbali na kwamba wewe utarushwa mbele kama jiwe la teo. Kumbuka pia wachokoa pweza ambao huinama na hawaonekani kwa mbali. Vaa kofia ngumu na fulana ya kuelea, kwa sababu ukingo wa bawa hukata, nawe katika siku ya marekebisho utaanguka zaidi ya kawaida.

Jambo jingine ambalo watu wa pwani nyingine hawalisemi sana, lakini sisi tunaishi nalo, ni majani ya bahari. Jani moja refu likijizungusha kwenye mlingoti au likilala kwenye ukingo wa bawa la nyuma, ubao hubadilika tabia ghafla: unapungua mwendo, unazama omo, au unatetemeka. Kila ubao unapobadilika ghafla katikati ya safari bila wewe kubadilisha chochote, simama, upindue, uondoe majani, ndipo uendelee. Usiandike matokeo ya safari yenye majani.

Miguu kwanza

Weka mguu wa nyuma juu ya mlingoti au mbele yake kidogo, na wa mbele uwe umeachana nao kwa upana wa mabega. Magoti yalegee, macho yatazame mbele, kwani anayetazama omo ya ubao wake huinamisha kichwa, na kichwa cha mtu ni mzigo usiopungua kilo nne unaohamia mahali usipoukusudia. Ukiwa umepaa na umetulia, nenda mita mia mbili bila kusogeza miguu, kisha ujiulize swali moja tu: ni paja gani linalowaka moto?

Ikiwa ni la mbele, maana yake unausukuma ubao chini muda wote. Ikiwa ni la nyuma, unauinua kwa nguvu muda wote. Kabla ya kurudi pwani kuchukua spana, sogeza mguu unaolemewa upana wa vidole viwili, wa mbele uende mbele zaidi au wa nyuma urudi nyuma zaidi, urudie njia ileile. Ukisogeza miguu kwenda mbele ni sawasawa na kuurudisha mlingoti nyuma, na tofauti ni kwamba miguu haihitaji skrubu. Ukipata nafuu, hapo umeshajua mwelekeo wa marekebisho, na huenda huna haja ya kufanya jingine lolote zaidi ya kubandika vipande vya tepu ubaoni ili kesho miguu ipate mahali pake bila kutafuta.

Wenye mikanda ya miguu hawana uhuru huo, nao ndio huumia zaidi, maana mkanda humlazimisha mtu kusimama mahali ambapo fundi wa kiwandani alidhani atasimama. Ushauri wangu, ambao baadhi ya walimu hawaupendi, ni kuvua mikanda yote wakati wa marekebisho, kupata mahali pa miguu, kisha kuifunga mikanda kwa kufuata tundu lililo karibu na mahali hapo. Tundu likikosekana, mkanda ubaki na mlingoti ndio usogezwe.

Usisahau upana wa ubao. Ubao ukiinamia upande wa visigino, sogeza miguu upande wa vidole hadi kiganja cha unyayo, pale penye upinde, kikae juu ya mstari wa kati. Ukiinamia upande wa vidole, fanya kinyume chake. Foili haivumilii kosa hili kama unavyolivumilia ubao wa kawaida, kwa sababu mlingoti ni mwembamba na mwili wako uko juu sana ya bawa, kama mtu aliyepanda ngazi isiyoegemezwa.

Mlingoti

Ikiwa miguu haikutosha, rudi pwani. Anza kwa kuuweka mlingoti katikati ya reli, isipokuwa mtengenezaji ameonyesha alama yake, na hapo ufuate alama. Pima kwa tepu kutoka mwisho wa reli hadi ukingo wa kitako, uandike namba hiyo. Reli za mbao nyingi zimechapwa vipimo pembeni, lakini mimi huongeza mstari wa kalamu ya wino usiofutika, kwani chapa za kiwandani huchakaa kwa chumvi na mchanga.

Kanuni ni hii: mlingoti ukienda omoni, nguvu ya kunyanyua inasogea mbele ya miguu yako, omo inakuwa nyepesi, ubao unapaa mapema, na mguu wa mbele unabeba zaidi. Mlingoti ukirudi tezini, omo inakuwa nzito, ubao unachelewa kupaa, na mguu wa nyuma ndio unaofanya kazi. Paja la mbele likiwaka, rudisha mlingoti nyuma. La nyuma likiwaka, au omo ikizama kila upepo ukipungua, usogeze mbele.

Sogeza sentimita 1 kwa mara moja. Legeza skrubu zote nne bila kuzitoa, telezesha kitako, hakikisha kwamba kipimo cha reli ya kulia ni sawa na cha kushoto, kisha kaza kwa kupokezana kona kwa kona, kila moja kidogo kidogo, mpaka zote zikaze sawa. Nguvu ya kiganja na spana fupi ya elenki, ile ya pembe sita, inatosha. Anayeongeza bomba kwenye spana ili apate nguvu zaidi hung'oa nati ya reli au huupasua ubao, na sentimita moja ya reli iliyopasuka haina fundi wa karibu. Rudi majini, nenda safari tatu za kwenda na tatu za kurudi, kwa sababu wengi wetu tuna upande mmoja tunaosimama vizuri na mwingine tunaosimama vibaya, na mpangilio unaofurahisha upande mmoja tu si mpangilio. Ukiona umevuka mahali pazuri, rudi nusu sentimita. Chini ya nusu sentimita sijawahi kuihisi tofauti, na ninawashuku wanaosema wanaihisi.

Mtu mzito na mtu mwepesi hawawezi kuazimana ubao bila kusogeza mlingoti. Mzito kwa kawaida huusogeza mbele ili apate msaada wa kupaa, na mwepesi huurudisha nyuma ili asirushwe juu.

Kuna mzee mmoja mvuvi wa Jambiani aliyezoea kupita tulipokuwa tukifanya kazi hii, naye siku moja alisimama, akatazama ubao wa kijana mmoja ukipaa na kuanguka, akasema, "Mwanangu, huyo mwenzio chombo chake kina farumi nyuma." Hajawahi kuikanyaga foili maishani mwake. Mlingoti wa yule kijana ulikuwa umefungwa mwisho kabisa wa reli upande wa omo, hivyo miguu yake ilikuwa nyuma mno ya bawa.

Kabari ya bawa la nyuma

Utaijua haja ya kabari kwa dalili moja: mlingoti ukiwa umekaa mahali pazuri kwa mwendo mdogo, lakini mwendo ukiongezeka ubao unakuvuta juu kwa nguvu isiyozuilika, au kinyume chake, ubao hauna nguvu ya kukuinua kwa kasi, lakini unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na unakutaka usahihishe kila sekunde. Dalili hizi hazitibiwi na mlingoti, kwa sababu mlingoti husogeza uzito wako tu, wakati tatizo ni jinsi mabawa mawili yanavyogombana.

Katika hali ya kwanza bawa la nyuma linasukumwa chini kupita kiasi, kwa hiyo punguza mwinamo wake. Utapata mwendo zaidi na uzito mdogo mguuni, lakini ubao utakuwa mwepesi kuyumba omo na tezi. Katika hali ya pili ongeza mwinamo, nao ubao utatulia, huku ukipoteza mwendo kidogo na ukiongeza kazi ya mguu wa mbele. Anayejifunza bado anahitaji mwinamo mkubwa zaidi kuliko mzoefu, na sioni aibu yoyote katika jambo hilo.

Upande wa kuweka kabari huwachanganya wengi, hivyo tulieleze taratibu. Kuongeza mwinamo ni kuushusha ukingo wa mbele wa bawa la nyuma ukilinganisha na ukingo wake wa nyuma. Bawa lililofungwa juu ya kiwiliwili linahitaji sehemu nene ya kabari iwekwe chini ya ukingo wa nyuma, ili ukingo huo uinuke. Bawa lililofungwa chini ya kiwiliwili linahitaji sehemu nene iwe upande wa ukingo wa mbele, ili ukingo huo usukumwe chini. Kupunguza mwinamo ni kugeuza kabari tu. Unapofanya kazi hii ubao ukiwa umepinduliwa juu ya jamvi, juu na chini hubadilishana mahali, na hapo ndipo mikono ya watu wengi hukosea. Mimi huchora mshale mdogo kwenye kiwiliwili unaoonyesha upande wa mbingu wakati wa safari.

Kabari za dukani huja kwa nusu ya nyuzi, yaani digrii za mwinamo, au nyuzi moja. Usipokuwa nazo, kadi ya benki iliyokwisha muda wake inatosha kwa majaribio, kwa kuwa unene wake ni milimita 0.76. Kanuni ya haraka ni kuzidisha unene kwa 57 kisha kugawa kwa urefu wa kitako cha bawa la nyuma, vyote kwa milimita: kitako chenye urefu wa milimita 90 kikiinuliwa upande mmoja kwa kadi hiyo hupata karibu nyuzi 0.5. Kata ukanda mwembamba, uulaze kwenye mwisho mmoja wa kitako, funga skrubu, na uhakikishe kwamba bado zinazama vya kutosha. Kadi huacha nafasi katikati ambayo haijashikiliwa na kitu, nayo huweza kuupasua mguu wa bawa la kaboni ukikaza sana, kwa hiyo kadi ni ya kujaribia alasiri moja tu. Ukishajua nyuzi unazozitaka, tafuta kabari kamili inayogusa kitako kizima.

Ukishabadilisha kabari, mlingoti nao mara nyingi huhitaji kuguswa tena kidogo. Mwinamo ukipunguzwa, uzito wa mguu wa mbele hupungua, na mara nyingi utausogeza mlingoti mbele nusu au sentimita moja ili upate upaaji ulioupoteza. Hii ndiyo sababu ya kuacha kabari iwe ya mwisho.

Pale ambapo kifaa chenyewe ndicho tatizo

Wakati mwingine hakuna mpangilio unaotosha. Kiwiliwili kifupi hugeuka upesi lakini huyumba omo na tezi, kirefu hutulia. Bawa la mbele jembamba na refu kutoka ncha hadi ncha huteleza mbali, lakini linahitaji mwendo na halisamehe. Lenye upana wa kutosha, la sentimita za mraba 1,500 hadi 2,000 kwa mwenye bawa la mkononi, hupaa kwa mwendo mdogo na humpa mwanafunzi nafasi ya kufikiri. Bawa kubwa zaidi la nyuma huongeza utulivu kuliko kabari yoyote. Mlingoti mfupi humfanya anayeanza aanguke karibu na maji, ingawa katika mawimbi ubao utagonga kila kilele.

Unapobadilisha bawa la mbele usirudishe mlingoti kwenye mstari wako wa zamani na kudhani kwamba mambo yatabaki kama yalivyokuwa. Nguvu ya bawa hukaa karibu na robo ya upana wake kutoka ukingo wa mbele, na robo hiyo haiko mahali pamoja kwa mabawa mawili tofauti. Kabla ya kulifungua bawa la zamani, ubao ukiwa umepinduliwa, shusha timazi kutoka kwenye robo hiyo hadi kwenye ubao na uweke alama. Funga bawa jipya, shusha timazi tena kutoka kwenye robo yake, na usogeze mlingoti mpaka timazi iangukie alama ileile. Nusu ya kazi ya marekebisho itakuwa imekwisha ukiwa bado kwenye kivuli cha banda.

Jioni fungua skrubu zote, hata kama utarudi majini kesho asubuhi. Chuma cha pua na alumini zikikaa pamoja katika chumvi na joto letu hushikana, na nimeona mlingoti wa kaboni ukikatwa kwa msumeno kwa sababu ya skrubu moja iliyogoma. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, paka grisi nyuzi za skrubu, na ukihitaji skrubu mpya mjini nenda nayo ya zamani mkononi, maana urefu ukizidi milimita mbili itagonga ubao kabla ya kukaza. Daftari ninalotumia lina safu nne tu: kipimo cha mlingoti, kabari na upande wake, bawa, na paja lililowaka moto.